Aliyeshuka Mlima Injini Imezimwa

Kwetu Lushoto pikipiki unaisikia kwanza, kuiona ni baadaye. Mlima unaipokea sauti na kuirudisha, na mtu aliyeinama shambani anaweza kukwambia ni ya nani, imebeba nini, na kama mwenyewe amepitia kilabuni. Ya Bwana Shamba haikuwa hivyo. Ulikuwa unapalilia karoti zako, unainuka kunyoosha mgongo, na yeye huyo hapo juu ya tuta, amekaa kwenye pikipiki yake, mikono kifuani, anatazama unavyokosea.

Kila alipofika mwanzo wa mteremko alizima injini. Gia aliiacha huru, ufunguo akauzungusha, na mlima ukamchukua. Aliweza kutoka Soni hadi karibu na Mombo, kona zote zile, pasipo kusikika kitu isipokuwa upepo na mnyororo. "Mlima ukikupa bure, pokea," alikuwa akisema. Watu waliona ni ubahili wa petroli. Mimi nimekaa chuo kikuu na kilichobaki kichwani ni tabia ya kuuliza, kwa hiyo nilimwuliza.

"Petroli ni sababu ya kwanza," akasema. "Ya pili, injini ikinyamaza nasikia maji yanapita wapi."

"Na ya tatu?"

"Wakulima wakinisikia nakuja wanajificha."

Serikali ilikuwa imeshamstaafisha. Habari hiyo ilimfikia kila mtu isipokuwa yeye. Aliendelea kuzunguka mashambani na kamba yake ya kupimia matuta, buti za mpira, na kofia ya sufu ambayo hakuivua hata kanisani, mpaka mchungaji akachoka kumwonya. Mwanawe mmoja alikuwa mjini akimsihi apumzike. Alijibu kwamba kupumzika ni kazi ya mbolea.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya Kikorea. Si ya kampuni hizi za Kikorea ambazo kila mtu ana friji yake au anaota gari lake. Ilikuwa ya kiwanda kidogo ambacho jina lake halikumwambia mtu yeyote kitu. Niliwahi kulitafuta mtandaoni. Nikapata picha chache zenye giza na malalamiko ya mtu fulani wa nchi ya mbali ambaye alikuwa anatafuta kioo cha taa na hakuna aliyemjibu. Mradi mmoja wa kilimo uliwaletea maofisa wa milimani pikipiki hizo zamani, mradi ukaisha, wafadhili wakaagwa kwa ngoma, na spea zikaisha kabla ya soda za sherehe hiyo.

Nilipoanza kumfuatilia Bwana Shamba kwa makini, zilikuwa zimebaki mbili tu ambazo hazijafunguliwa spea: yake, na ya Bwana Mifugo wa Magoma, rafiki yake wa tangu kazini. Bwana Mifugo alikuwa amelala kitandani, kiuno kimevunjika kwa ajali ya pikipiki hiyohiyo. Ya mgonjwa ilikuwa na klachi nzima. Ya Bwana Shamba klachi ilikuwa imeanza kuteleza. Kila Jumamosi Bwana Shamba aliteremka mlima, akapita Mombo na Korogwe, akaenda Magoma kumjulia hali mgonjwa. Mlima mzima ulijua anachosubiri, au ulidhani unajua. Nami, kwa sababu siwezi kuliacha jambo likae, nilitaka kuwa na hakika: anamtembelea rafiki, au anaitembelea klachi?

Kijiweni karibu na soko, vijana wa bodaboda walimwamkia shikamoo kwanza, kisha wakamchokoza.

"Mhindi anakuuzia pikipiki ili urudi kununua spea," aliwahubiria. "Mchina anakuuzia spea zilizofungwa pamoja, ukadhani ni pikipiki. Mkorea aliuza chuma akaenda zake."

"Ndiyo tatizo lenyewe, mzee," alijibu Shabani, dereva mwenye mdomo kuliko wote pale. "Alikwenda zake."

"Hiyo yako ni ya ngapi, Shabani?"

"Ya tatu."

"Mimi hii ni ya kwanza na ndiyo ya mwisho."

"Ya mwisho kweli, mzee. Klachi ikigoma utaifuga kama mbuzi."

Alicheka. Alikuwa na kicheko kifupi, kama mtu anayefukuza ndege, na kilikatika ghafla kila mara mtu alipoitaja klachi.

Somo lake lilikuwa moja tu, la maji. "Maji yatembee, yasikimbie. Mlimani kinachokimbia kinaondoka na kitu." Kwa ajili ya sentensi hiyo aling'oa kabichi za watu zilizopandwa kufuata mteremko, akatukanwa, akaitwa mchawi, na mwaka uliofuata akaja kupiga vigingi vya matuta kwenye shamba lilelile. Nilimwambia siku moja kwamba yeye anayefundisha maji yatembee ndiye anayekimbia mlimani kuliko mtu yeyote. Alinitazama kama mtu aliyeona funza kwenye kiazi.

"Maji hayana breki," akasema.

Alikuwa mkali, na sitaki kumlainisha kwa sababu ya yaliyotokea baadaye. Masika moja, juu ya Soni, udongo ulishuka ukazika jiko la mtu, na mke wake ndani. Bwana Shamba alifika mapema kuliko wengi, akachimba kwa mikono kutwa nzima mpaka kucha zikatoka damu. Tulipozika, wazee wakamwomba aseme neno. Akasimama mbele ya mume, mbele ya watoto, udongo bado mbichi, akasema, "Mfereji nilikuonyesha pale. Nilipiga vigingi, ukaving'oa ukapanda kabichi."

Mwanamke mmoja akaanza kulia upya.

Tukiwa njiani nilimwuliza kwa nini amefanya ukatili ule.

"Asipoambiwa leo ataambiwa lini? Ana watoto, na mlima bado upo palepale."

Nilimchukia kwa jibu hilo wiki nzima, na wiki nzima sikupata la kulipinga. Ndivyo alivyokuwa. Kosa lako alikutamkia usoni, hata kaburini, na aliamini ni huruma.

Lakini kuna misiba mingine ambayo aliiendea kwa jambo tofauti. Watu wa kwao walitoka ng'ambo ya bonde, kwa hiyo kwetu alikuwa mtani, na mtani msibani ana ruhusa ambayo mwingine hana. Anaweza kumcheka marehemu, kuiga alivyokuwa akitembea, kuzuia jeneza mpaka apewe kitu. Watani wengine hudai kuku au kofia ya marehemu. Bwana Shamba alidai spea.

Alipofariki ofisa wa Gare, mmoja wa wale waliopewa pikipiki za Kikorea, Bwana Shamba aliketi juu ya pikipiki ya marehemu katikati ya uwanja na kukataa kushuka.

"Huyu aliniahidi kabureta!" akapaza sauti. "Kama nasema uongo, mwamsheni mumwulize!"

"Alikuahidi lini, mtani?" mjane akauliza kutoka mkekani, sauti imekauka.

"Jana usiku. Alipita kwangu akienda. Alikuwa na haraka, hata chai hakunywa."

Mjane akacheka, na aliyekaa karibu naye aliniambia kwamba kabla ya hapo alikuwa hajafumbua mdomo tangu asubuhi. Bwana Shamba akapewa kabureta. Pikipiki yake ikawa hivyo, imeungwa kwa wafu. Alipokuwa akiiwasha na ikakohoa, alisema, "Wa Gare leo hajaamka vizuri." Taa ya nyuma ilikuwa ya mwingine, tangi la mwingine, na wote aliwasalimia. Na kila msimu wa kupanda, shamba la mjane wa Gare lilikutwa limepimwa matuta, vigingi vimesimama mstari mmoja, na hakuna aliyemsikia aliyevipiga akija wala akiondoka.

Sasa nije kwangu. Nilikuwa nakusanya mboga za majirani na kuzipeleka Soni, na nilihitaji pikipiki. Mke wa Bwana Mifugo akatoa habari kwamba anauza ile ya Kikorea. Mume hataipanda tena, kwa nini ifuge kuku? Mahubiri ya miaka mingi yalikuwa yameniingia, hata mimi nisiyeamini mahubiri. Nililinganisha. Ya Kihindi ni nyepesi, spea zake zimejaa mpaka kwenye maduka ya sukari, lakini fremu inapinda ukiizoesha magunia. Ya Kikorea nilikuwa nimeiona kwa macho ikibeba viazi, mbuzi, na siku moja jeneza tupu. Nikaenda kwa Bwana Shamba, nikitegemea atachinja kuku kwa furaha. Hatimaye mtu mmoja alikuwa ameshawishika.

Alikuwa anasafisha mnyororo kwa mafuta ya taa.

"Usinunue," akasema.

"Si ulisema ni chuma?"

"Ni chuma."

"Ina ubovu?"

Akasugua mnyororo.

"Nunua ya Kihindi, mwanangu."

Sikuamini masikio yangu. Niliposimulia kijiweni, Shabani alipiga paja. "Mgosi, wewe umesoma lakini huoni? Ukiinunua wewe, klachi imekwenda. Mzee analinda urithi wake!" Wakacheka wote, na mimi nikacheka, lakini ndani nilikuwa nimekasirika. Nilikuwa na ushahidi mwingine pia. Bwana Mifugo alivunjika akiteremka kutoka Soni injini imezimwa, kama alivyofundishwa na Bwana Shamba mwenyewe. Na baada ya ajali ile Bwana Shamba hakubadilika. Rafiki yake kalala hawezi kugeuka, naye kila Jumamosi anazima injini palepale juu ya Soni na kupita kimya kwenye kona ileile. Nilisema moyoni, huyu mtu ana jiwe mahali pa moyo.

Jumamosi moja nikamwomba anichukue. Nilisema nataka kumsalimia mgonjwa. Tulishuka bila sauti, mimi nimeng'ang'ania koti lake. Kwenye kona ya ajali niliutazama uso wake kupitia kioo cha pembeni. Alikuwa amefumba mdomo kama mtu anayepigwa sindano. Mkono wake haukugusa ufunguo.

Magoma kuna joto ambalo sisi wa juu hatulizoei. Bwana Mifugo alilazwa kwenye chumba cha mbele, dirisha wazi. Alikuwa mtu mkubwa aliyebaki mifupa ya mtu mkubwa. Pikipiki ilisimama nje chini ya paa la makuti, kuku wametaga kwenye kiti.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Huyu ndiye msomi?" Kisha akamgeukia rafiki yake. "Mtani, bado sijafa. Rudi Jumamosi ijayo."

"Sina haraka," Bwana Shamba akajibu. "Klachi haiozi. Wewe ndiye unayeoza."

Nilishtuka, lakini mgonjwa alicheka mpaka akakohoa, na mkewe jikoni akacheka pia. Ilikuwa kweli. Alikuwa anaoza. Bwana Shamba alivua koti, akakunja mikono ya shati, akaomba maji ya moto na chumvi. Alimgeuza mwenzake taratibu, akafungua vitambaa mgongoni, na harufu ikajaa chumba. Vidonda vilikuwa vimefika mahali ambapo sitapaelezea. Alivisafisha kimoja kimoja, akimsimulia mwenzake mapungufu ya klachi yake, inavyoteleza akipanda Soni, inavyonuka ikipata moto, na mgonjwa akimjibu kwa meno yaliyobanwa, "Iwekee... mafuta mazito... mtani." Mke hakuruhusiwa kugusa. Nilisikia baadaye kwamba Jumamosi zote zilikuwa hivyo, na kwamba siku nyingine vidonda vilisafishwa na jirani wa kulipwa kwa sababu mgonjwa hakutaka mkewe avione.

Bwana Shamba alipotoka kwenda kumwaga maji, Bwana Mifugo alinishika mkono.

"Unataka kuinunua?"

"Nilitaka. Amenikataza."

"Amekwambia sababu?"

"Hapana."

Akatazama mlangoni.

"Breki ya mbele. Lainingi zake, zile pedi zinazokamata gurudumu, ziliisha, na spea unajua hakuna. Akanichongea yeye, akakata kipande cha lainingi ya lori, akakipiga tupa mpaka kikaenea. Kinatakiwa kishikwe kwa ribiti, vile vimisumari vya kugongelea. Hakuwa nazo siku hiyo, na mimi nilikuwa na haraka, kuna ng'ombe alikuwa anashindwa kuzaa huku chini. Akakibandika kwa gundi. Akaniambia, itakufikisha." Akavuta pumzi. "Injini imezimwa, kazi yote ni ya breki. Ikapata moto, gundi ikayeyuka. Nilikishika kishikio cha breki ya mbele, kikawa kama nimeshika mkono wa mtoto."

"Anajua?"

"Ndiye aliyekuja kuniokota. Kipande kilidondoka juu ya kona. Alikikuta yeye kabla ya kunikuta mimi."

"Na mmeongea?"

"Tunaongea klachi."

Akaniminya mkono.

"Wewe usiseme kitu, kijana. Watu waache waseme anasubiri nife. Hilo analiweza. Lakini akianza kuniomba msamaha itabidi nimjibu, na bado sijajua nitamjibu nini."

Bwana Shamba akaingia na beseni tupu. "Mnanisengenya?"

"Tunakupangia bei ya klachi," akasema Bwana Mifugo.

Tuliporudi nilikaa nyuma yake nikifikiri juu ya yule mume wa Soni na vigingi vyake, na juu ya mtu anayewaambia wengine makosa yao makaburini. Nilielewa pia kwa nini aliendelea kuzima injini. Angeanza kuiacha ikinguruma, mlima mzima ungesikia, na mlima mzima ungeuliza kwa nini. Sijui kama nilielewa sawasawa. Lakini niliacha kusema ana jiwe.

Bwana Mifugo alifariki kabla ya vuli. Alizikwa siku hiyohiyo, kama ilivyo kwao, na sisi wa milimani tulifika wakati sala inakaribia. Bwana Shamba alikuwa ameshafika. Alikuwa ameketi juu ya pikipiki ya marehemu, kuku wameondolewa, kofia yake ya sufu kichwani katika joto lile. Watu wakaanza kutabasamu kabla hajasema kitu. Shabani alinigusa kwa kiwiko. Yaliyongojewa kwa muda mrefu yamefika.

"Haya, mtani," kaka wa marehemu akamwita. "Shuka, tunachelewa. Sema unachotaka. Klachi? Chukua klachi."

Bwana Shamba akajiweka sawa kwenye kiti.

"Basi chukua injini nzima! Chukua yote, tumwache mwenzako apumzike."

"Nipeni breki ya mbele," akasema.

Kicheko kikapasuka, kwa sababu alipewa injini nzima, akachagua breki ya pikipiki iliyomwangusha mwenyewe. Ilionekana ni utani mzuri kuliko wowote aliowahi kufanya. Yeye hakucheka. Akashuka, akapiga magoti kwenye vumbi, akatoa spana mfukoni na kuanza kufungua gurudumu. Kicheko kikapungua, kikawa cha mtu mmoja mmoja, kikaisha. Mjane alikuwa amesimama mlangoni, kanga imeshikwa kidevuni. Alimtazama mpaka akamaliza, na sikuona usoni kwake kitu cha kukisoma. Bwana Shamba akasimama na vile vyuma viwili vilivyopinda, kimoja kina lainingi na kingine kiko wazi na alama nyeusi ya gundi. Akavifunga kwenye leso. Kisha akaingia kwenye mstari wa wanaume akabeba jeneza zamu yake.

Pikipiki iliyobaki, na klachi yake nzima, ilichukuliwa na mnunuzi wa vyuma chakavu. Mimi nilinunua ya Kihindi.

Miezi ikapita sikumwona. Nilisikia tu. Shabani alisema alimkuta amefungua gurudumu la mbele la pikipiki yake mwenyewe, akitoa breki nzuri na kuvifunga vile vyuma vya marehemu. Shabani alimwambia, mzee, hivyo haviwezi kushika. Akajibiwa, "Najua."

Siku niliyomwona ilikuwa asubuhi, mvua imekatika, nami nimesimama chini kidogo ya Soni nikifunga upya magunia ya pilipili hoho. Nilimsikia kwanza. Injini ililia juu kabisa, kwenye gia ya kwanza, mlio mrefu wa kuizuia pikipiki isikimbie, ukapotea kwenye kona, ukarudi. Wanawake waliokuwa wanachuma mboga kwenye matuta ya ng'ambo waliinuka mmoja baada ya mwingine. Mmoja akasema kwa sauti ya mshangao, "Ni Bwana Shamba yule? Mbona anapiga kelele?"

Ilichukua muda mrefu. Kona baada ya kona sauti ile ilishuka kwa mwendo wa mtu anayetembea, moshi mweusi ukitangulia, mpaka akatokea. Amejikunja juu ya usukani, amekonda, miguu yote miwili imeshushwa, buti za mpira zikiburuzika kwenye lami. Alikuwa anakwenda polepole kiasi kwamba ningeweza kutembea kando yake. Macho yetu yakakutana. Hakusimama, kwa breki ile asingeweza kusimama.

"Shikamoo," nikasema.

Kinywa chake kilifumbuka lakini injini ikameza alichosema. Akapita. Nilisubiri nimeshika kamba mkononi, na wale wanawake nao walisubiri, wakimsindikiza kwa masikio. Marahaba yake ilinifikia kutoka kona ya chini, ileile ya ajali, alipokuwa ameshatoweka, na baada yake ile sauti ikaendelea kuteremka, hatua kwa hatua, kuelekea bondeni.